Saratani ya Mapafu Ikishatolewa, Itarudi? Historia ya Utabiri na Daftari la Eldoret

Nimekuwa kimya kwa muda, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimehama. Sijahama. Bado niko Sugoi, ni msimu wa kupanda tu, na mtandao wa huku una siku zake. Leo nimerudi na jambo la hospitali, lakini msikimbie, ndani yake mna majedwali, programu huria na hitilafu ya aina ile ambayo kila mtu aliyewahi kuandika msimbo anaijua.

Swali lenyewe ni fupi. Mtu amegunduliwa saratani ya mapafu mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo. Daktari amekata sehemu ya pafu, uvimbe umetoka wote, kidonda kimepona. Mgonjwa anauliza: je, itarudi? Kwa saratani ile ya kawaida zaidi, isiyo ya seli ndogo, vitabu vya tiba husema kwamba kati ya asilimia 30 na 55 ya waliopasuliwa hurudiwa na ugonjwa. Yaani ni kama kurusha sarafu.

Kwa nini tusisubiri tu tuone? Kwa sababu kuna dawa za kutoa baada ya upasuaji, na dawa hizo ni kali. Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio matano yenye wagonjwa 4,584, nao ulionyesha kwamba tibakemikali baada ya upasuaji iliongeza idadi ya walio hai kufikia mwaka wa tano kwa takriban asilimia 5. Fikiria watu 100 wakitapika na kudhoofika ili watano zaidi wafike. Na kwa wale wa hatua ya mapema kabisa, faida haikuonekana. Kama ungejua mapema ni nani atakayerudiwa, ungempa yeye dawa na kuwaacha wengine wapumzike. Ndiyo maana utabiri huu umewasumbua madaktari na watu wa hesabu kwa miaka mingi.

Watu wakisikia neno utabiri siku hizi wanawaza algoriti. Mimi nikisoma historia hii naona kwamba algoriti ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni daftari: ni nani aliandikwa, aliandikwa sawasawa, na je, kuna aliyemfuata kujua alipoishia?

Tuanze St. Louis, Marekani, tarehe 5 Aprili 1933. Mpasuaji Evarts Graham alitoa pafu zima la kushoto la mgonjwa mwenye saratani, na mgonjwa akapona. Mgonjwa huyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa uzazi, aliishi hadi 1963. Graham alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1950, akiwa na kijana Ernst Wynder, alichapisha utafiti ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1957 saratani hiyohiyo ikamuua. Mpasuliwa akabaki, mpasuaji akaenda. Sasa, kutokana na mtu mmoja huwezi kutabiri lolote. Unahitaji wengi, na unahitaji kuwapanga.

Kazi ya kuwapanga ilianzia Ufaransa. Kati ya 1943 na 1952 Pierre Denoix alitunga mpango wa herufi tatu, T, N na M: ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi za limfu, na kama ugonjwa umesambaa mwilini. Kwa lugha yetu ni safu tatu za jedwali. Ukizijaza, unapata hatua ya ugonjwa, na hatua ndiyo utabiri. Kwa mapafu, aliyelijaza jedwali hilo ni Clifton Mountain wa hospitali ya MD Anderson mjini Houston. Mwaka 1974 yeye na wenzake walitoa mpangilio uliojengwa juu ya wagonjwa 2,155. Mwaka 1997 akatoa mwingine wa wagonjwa 5,319, na kati ya hao 4,351 walikuwa wa MD Anderson peke yake! Kwa hiyo hadi 2009, toleo jipya lilipochapishwa, daktari popote duniani akimwambia mgonjwa wake "uko hatua ya kwanza B" alikuwa anamlinganisha kwa kiasi kikubwa na watu waliotibiwa katika hospitali moja ya Texas.

Kabla hatujaendelea, kuna kifaa kimoja cha hesabu lazima nikieleze, kwa sababu kitatuhitaji tukifika Eldoret. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walichapisha njia ya kukadiria muda wa kuishi hata kama hujui mwisho wa kila mtu. Kaplan alikuwa maabara ya Bell akishughulikia muda wa kudumu wa valvu za vikuza sauti katika nyaya za simu za chini ya bahari, Meier alikuwa anashughulikia wagonjwa wa saratani. Hesabu ikawa moja! Wazo ni rahisi. Mgonjwa akionekana mara ya mwisho mwezi wa 14 akiwa mzima, unamhesabu hadi mwezi wa 14, kisha unamtoa kwenye hesabu kimyakimya. Humwiti mzima, humwiti mgonjwa. Lakini njia hii ina sharti lake: wanaopotea wawe wanafanana na wanaobaki. Lishikeni hilo.

Haya, sasa tuje kwenye kisa chenyewe cha watu wa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuja teknolojia ya kupima maelfu ya jeni kwa mara moja, na kila mtu akaamini kwamba T, N na M zimezeeka. Agosti 2006, jarida la tiba la New England lilichapisha kazi ya kikundi cha Chuo Kikuu cha Duke, akiwemo daktari Anil Potti. Walisema wametengeneza alama ya jeni inayotabiri ni nani atakayerudiwa na saratani ya mapafu baada ya kupasuliwa mapema. Waliijenga kwa wagonjwa 89, kisha wakasema wameijaribu kwa makundi mawili mengine ikapatia kwa asilimia 72 na 79. Ukikumbuka ile sarafu, utaelewa kwa nini watu walishangilia. Jaribio kubwa la kitaifa lilipangwa ili alama hiyo itumike.

Mwaka huohuo kikundi hichohicho kilichapisha kazi nyingine, ya kutabiri ni dawa gani ya saratani itamfaa nani. Watakwimu wawili wa MD Anderson, Keith Baggerly na Kevin Coombes, waliombwa na madaktari wenzao waangalie kama njia hiyo inaweza kutumika kwao. Wakachukua data zilizowekwa wazi wakajaribu kurudia hesabu. Haikutoka. Wakajaribu tena, wakaanza kuchimba kama wapelelezi, na walichokipata kingemchekesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta kama si kwamba kulikuwa na wagonjwa mwishoni mwake: orodha za jeni zilikuwa zimesogea mstari mmoja. Unajua ile, jedwali lina mstari wa vichwa juu, programu haikutarajia vichwa, basi kila jina linakaa mbele ya namba ya jirani yake. Mahali pengine lebo za "dawa inamfaa" na "dawa haimfai" zilikuwa zimegeuzwa. Walichapisha matokeo yao mwaka 2009 katika jarida la takwimu, kwa sababu majarida ya tiba hayakuwa na hamu sana ya kusikia habari za mistari.

Na huku Duke, tangu 2007, wagonjwa zaidi ya 100 walikuwa wameandikishwa katika majaribio matatu ambamo hesabu hizi zilisaidia kuamua dawa.

Ile alama ya mapafu nayo ilichunguzwa upande wake, na watakwimu wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Waligundua kwamba programu ikiendeshwa upya kwa mgonjwa yuleyule, jibu liliweza kubadilika. Leo uko salama, kesho uko hatarini, bila wewe kufanya chochote! Mwaka 2010 ikaondolewa kwenye jaribio lile la kitaifa, Potti akajiuzulu, na 2011 jarida likaifuta makala. Mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti iliamua kwamba alikuwa ameingiza data za uongo katika kazi zake. Yeye hakukiri wala hakukana. Kwa hiyo hayakuwa makosa ya mkono tu. Lakini angalieni jinsi yalivyojulikana: si kwa sababu kuna aliyeona uongo, bali kwa sababu watu wawili wenye subira walikuwa na faili mkononi wakahesabu upya.

Nimekaa sana Duke kwa makusudi. Mstari uliosogea unakamatika, mradi faili ipo. Je, mstari ambao haukuwahi kuandikwa?

Baada ya Mountain, kazi ya kupanga hatua ilichukuliwa na chama cha kimataifa cha utafiti wa saratani ya mapafu, chini ya mpasuaji Peter Goldstraw wa London. Walikusanya kweli. Toleo la saba la 2009 lilitumia wagonjwa 67,725 wa aina isiyo ya seli ndogo kutoka nchi nyingi. Toleo la nane, lililoanza kutumika 2017 na 2018 kutegemea nchi, lilikuwa na wagonjwa 94,708. Hawa ndio waliotupa zile asilimia ambazo daktari husoma leo, kwamba uvimbe wa sentimita moja au chini ya hapo, ukiwa haujafika kwenye tezi, asilimia 92 ya wenye nao huwa hai baada ya miaka mitano, na ukifika hatua ya pili B ni asilimia 53. Sasa tazameni walikotoka: Ulaya 46,560. Asia 41,705. Amerika Kaskazini 4,660. Australia 1,593. Amerika Kusini 190. Jumlisheni wenyewe. Inafika 94,708 kamili, na Afrika haijatajwa kwa sababu hakuna cha kutaja.

Mtu anaweza kusema, bila shaka, Afrika hawana kompyuta za kuwekea data. Hapo ndipo mimi wa Sugoi ninapocheka, kwa sababu mojawapo ya mifumo inayotumika sana duniani kuhifadhi rekodi za wagonjwa ilianza kazi mjini Eldoret.

Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na William Tierney wa Indiana, Terry Hannan wa Australia na wenzao, walizindua mfumo wa rekodi uliojengwa kwa Microsoft Access. Kompyuta mbili zilizounganishwa, na betri za kuzisaidia stima ikipotea. Mgonjwa akifika anasajiliwa, anatembea na fomu ya karatasi kutoka chumba hadi chumba, akirudi karani anaingiza yaliyoandikwa. Basi! Utafiti wao wa 2003 ulionyesha kwamba ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22 na muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Mwaka huohuo wa 2001 ulianzishwa mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya ukimwi, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana. Wagonjwa wakawa maelfu, Access ikaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich walikuja Eldoret kuona hali, wakaondoka na wazo la kujenga upya. Kikatoka OpenMRS, kwa Java na MySQL, programu huria, na Februari 2006 ikaanza kazi rasmi hapa Eldoret. Rwanda ikafuata mwaka huohuo.

Wenye kupenda muundo wa hifadhidata, hili ni tamu. OpenMRS haina safu ya "presha" wala safu ya "homa". Kuna kamusi ya dhana, na kila kinachopimwa ni dhana mojawapo, kisha kuna jedwali moja refu la uchunguzi: nani, lini, dhana gani, thamani gani. Ugonjwa mpya ukija huongezi jedwali, unaongeza maneno kwenye kamusi. Mfumo uliozaliwa kwa ajili ya ukimwi unaweza kubeba saratani bila kubomolewa. Na saratani nayo ilishakuwa na daftari lake: sajili ya saratani ya Eldoret ilianza 1999, kabla hata ya Mosoriot.

Sasa lile sharti la Kaplan na Meier. AMPATH ilikuwa na wagonjwa wengi waliokuwa wameacha kuja kliniki. Wangeweza kuwahesabu kama kawaida, mzima hadi siku ya mwisho aliyoonekana, kisha nje. Badala yake walituma watu vijijini, wakachagua sampuli ya waliopotea na kuwatafuta nyumbani kwao. Constantin Yiannoutsos na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2008. Makadirio ya vifo yalipanda mara kadhaa. Waliopotea hawakuwa wanafanana na waliobaki. Baadhi yao hawakuja kliniki kwa sababu walikuwa wamekufa.

Fanyeni hesabu ndogo ya kubuni. Wamepasuliwa watu 10. Wanne wanakuja kliniki na ni wazima, wawili wamerudiwa na saratani, wanne hawajulikani walipo. Ukiwatupa wasiojulikana, utasema hatari ni 2 kwa 6, asilimia 33. Kama wote wanne walirudiwa, ni asilimia 60. Kama wote ni wazima, ni 20. Hakuna algoriti duniani itakayokuambia ipi ni kweli. Pikipiki ya kwenda kwao ndiyo itakayokuambia. Kwa maoni yangu utafiti ule wa Eldoret ni mchango mkubwa kwa somo la utabiri kuliko ule wa Duke ungekuwa hata kama ungekuwa wa kweli.

Kwa nini basi haya hayakutupeleka kwenye saratani ya mapafu? Kwa sababu kwetu mnyororo hukatika kabla ya upasuaji. Mzee akikohoa miezi miwili, amekonda, makohozi yana damu, kila mtu kuanzia jirani hadi kliniki atasema kifua kikuu, na mara nyingi watakuwa sahihi, kifua kikuu kipo kwa wingi. Lakini akianzishiwa dawa za miezi sita bila kuthibitishwa, na kumbe ni saratani, basi miezi sita imepewa uvimbe bure. Mwishoni mwa miaka ya 2010 AMPATH na hospitali ya Moi waliingia katika mpango wa saratani ya mapafu uliofadhiliwa na wakfu wa Bristol Myers Squibb, pamoja na Tanzania, Afrika Kusini na Eswatini, na shabaha mojawapo ilikuwa hiyohiyo: kuitafuta saratani miongoni mwa wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu. Wengi waliopatikana walikuwa wameshachelewa kwa kisu. Huwezi kutabiri kurudi kwa kitu ambacho hakijawahi kutolewa.

Huko nje mambo yanasonga. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza wa mradi wa TRACERx walionyesha kwamba vipande vya DNA ya uvimbe vinaweza kuonekana kwenye damu kabla ugonjwa uliorudi haujaonekana kwenye skani. Mashine zinafundishwa kusoma picha za CT. Ni kazi nzuri, na safari hii wengi wanaweka msimbo na data wazi, somo la Duke halikupotea. Toleo la tisa la hatua za ugonjwa lilianza kutumika 2025 likiwa na wagonjwa 124,581. Afrika tumeingia! Tumeunganishwa na Mashariki ya Kati, na kwa pamoja ni asilimia 0.1.

Kwa wasomaji mnaojenga mifumo ya hospitali, na najua mko wachache huku bonde la ufa, ombi langu ni la safu tatu tu. Tarehe ya upasuaji. Tarehe ya mwisho mgonjwa kuonekana. Na ya tatu ambayo karibu kila fomu niliyoiona haina: tulijuaje? Alikuja mwenyewe, tulimpigia simu, tulimfuata nyumbani, au tulisikia? Mtu wa huku akifia nyumbani, naibu wa chifu anapata habari, kwa sababu lazima kibali cha mazishi kitoke. Tarehe ile ipo. Imeandikwa kwa kalamu ofisini kwake, na kutoka hapo hadi seva ya hospitali mjini Eldoret ni safari ya matatu moja.